UZI: Filamu zetu zinafia dakika ya 40. Kosa ni la muundo ao la mhusika?

#1 Birere_Senario (Goma)

Wakubwa, jambo. Naleta hoja, mwenye jiwe arushe.

Filamu ndefu nyingi za kwetu, kuanzia Goma mpaka Bukavu, zinaanza na nguvu. Dakika kumi za kwanza hakuna anayekohoa. Ngoja ifike kati ya dakika ya 35 na ya 50: simu zinawaka ukumbini, mmoja anatoka kununua karanga, harudi. Mwishoni nguvu inarudi, kuna kilio, kuna bunduki ao harusi, watu wanapiga makofi, na mwandishi anafikiri amefaulu.

Mimi nasema kosa ni muundo. Mwandishi anajua anakotoka na anakokwenda, njia yenyewe haijui. Dawa iko vitabuni: kurasa 120, ukurasa mmoja dakika moja. Sehemu ya kwanza kurasa 30, ya kati 60, ya mwisho 30. Kona ya kwanza, pale hadithi inapogeuka, ukurasa wa 30, kona ya pili ukurasa wa 90. Aristotle alishaipanga hivyo tangu zamani za Wagiriki. Anayepinga aje.

#2 Kadutu_Montaji (Bukavu)

Napinga. Senario, yaani maandishi ya filamu, inaweza kuwa nzima na filamu ikafia mezani pa montaji, pale picha zinapokatwa na kuungwa.

Chukua sini (onyesho moja) ya kawaida ya kwetu. Mgeni anabisha. Anafunguliwa. Karibu, asante, habari ya watoto, watoto wazima, Mungu asifiwe. Anakaa. Fanta inaletwa, inafunguliwa, inamiminwa. Ndipo anasema: "Mume wako amekamatwa." Sekunde 70 zimekwenda kabla ya neno lenye uzito. Filamu yenye sini 50, ukipoteza sekunde 30 tu kila sini, ni dakika 25. Itafute dakika yako ya 40 humo.

Mimi ningekata hivi: plani (picha moja ya kamera) ya kwanza ni glasi, Fanta imebaki nusu, mapovu yamekwisha. Sauti ya mwanamke: "Wamempeleka wapi?" Habari imeshatolewa tayari, mtazamaji anakimbia kuifikia. Sekunde 12, tumetoka.

#3 Mwl_Nguba (Bukavu)

Birere, hoja ni nzuri, hesabu ina viraka.

Aristotle hakugawa kurasa. Alisema hadithi kamili ina mwanzo, katikati na mwisho, akazungumzia mgeuko wa mambo na utambuzi. Aliyeweka sheria ya vipande ni Horace, Mroma, na alisema vitano, visipungue wala visizidi. Mjerumani Gustav Freytag akavichora kama piramidi mwaka 1863, vitano vile vile.

Hizo kurasa 120 ni za Mmarekani Syd Field, mwalimu wa uandishi wa senario, 1979. Na yeye kona ya kwanza hakuiweka ukurasa wa 30: aliiweka kati ya 25 na 27, ya pili kati ya 85 na 90. Nukta ya katikati, ukurasa wa 60 hivi, aliiongeza baadaye, kwa sababu kurasa zile 60 za kati ndizo zilizokuwa zinameza waandishi. Kwa hiyo ugonjwa unaoulalamikia hauna uraia wa Goma.

#4 Lushi_Kamalondo (Lubumbashi)

Banduku ba Kivu, munapenda kuhesabu kurasa sawa bantu ba banki! Minauliza kintu kimoja: ule muntu wa filme yenu, anataka nini? Kama haujue, hata uweke kona kila dakika tano, ni bule.

Huku kwetu kikundi cha Mufwankolo, ba mchezo wa televisheni, kilicheza miaka na miaka bila karatasi. Banapatana mpango, nani anataka nini, nani anamuzuia, kisha maneno yanatoka palepale mu mchezo. Na bantu banabaki. Juu ya nini? Juu tabia ya kila muntu unaijua mbele ya yeye kufungua kinywa.

#5 Birere_Senario

@Mwl_Nguba asante, 25 mpaka 27, nimekubali.

@Lushi yaya, mchezo wa televisheni si filamu ya dakika 90. Tabia peke yake inabeba nusu saa. Baada ya hapo unahitaji barabara.

#6 Himbi_Kadi (Goma)

Jaribio la bei ya chini kwa nyinyi wote: kadi.

Kata karatasi ngumu, kadi moja kwa sini moja. Filamu ya dakika 90 inakula kadi 40 mpaka 60. Kila kadi mistari mitatu, si zaidi: nani anataka nini hapa; nani ao nini kinamzuia; sini ikiisha, hali imegeuka kuwa nini. Kadi ambayo mstari wa tatu unaacha mambo yalivyokuwa, sini yake haina kazi. Iunganishe na jirani yake ao itupe.

Kisha zitandike sakafuni, usome kwa sauti, ukitia neno moja kati ya kadi na kadi. Likija neno "kisha", umeshika orodha ya mambo. Bahati anaenda sokoni, kisha anakutana na shangazi, kisha anarudi nyumbani. Likija "lakini" ao "kwa hiyo", hadithi inatembea. Bahati anaenda sokoni kuuza redio ya baba yake kwa siri, *lakini* mnunuzi anaitambua ile redio, *kwa hiyo* anamfuata mpaka nyumbani, *lakini* anayefungua mlango ni baba mwenyewe.

Ukiwa na kadi 50, dakika ya 35 mpaka ya 50 ni kadi ya 19 mpaka ya 28. Hesabu "kisha" zilizo humo, utapata jibu bila kumuuliza Aristotle.

#7 Kadutu_Montaji

Himbi, umesema "kisha" wewe mwenyewe ukieleza ubaya wa "kisha" 😂

#8 Himbi_Kadi

Maelekezo si hadithi, wee mukata-filamu.

#9 Mama_Kostimi (Goma)

Watoto wangu, mnagombania maneno na mtazamaji bado hajui nani ni nani.

Goma ardhi yetu ni nyeusi, mawe ya volkeno kila upande, ukuta mweusi, barabara nyeusi. Mnawavalisha wahusika watatu jaketi za bluu iliyoiva, nyeusi na kahawia, mnawapiga plani pana, na filamu itatazamwa kwenye simu. Hapo kuna vichwa vitatu vinaelea. Mtazamaji anatumia akili yake yote kumtafuta Bahati, hadithi anaiacha.

Jaribio: wasimamishe wote pamoja na nguo zao, piga picha, ondoa rangi, ipunguze mpaka upana wa sentimita 3. Ukishindwa kumtaja kila mmoja, badilisha nguo, usibadilishe senario. Jaribio la pili: wasimamishe na ziwa nyuma yao jioni, jua likiwa mgongoni, wabaki kivuli tupu. Mwenye koti refu, mwenye kofia, mwenye kilemba kilichosimama, mwenye mfuko begani. Mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, anajulikana kwa mgongo wake mita mia moja mbali, hahitaji kutambulishwa na mtu.

Shati nyeupe: saa sita mchana kamera inafuata weupe wa shati, uso wa mtu mweusi unazama. Usivae nyeupe ya dukani. Iloweke kwenye chai: gramu 100 za majani katika lita 10 za maji yaliyochemka, chuja majani kwanza ama utapata madoa, shati iingie ikiwa imeloa maji safi, igeuze geuze dakika 20, suuza, anika kivulini. Kwenye picha itaonekana nyeupe, lakini uso utabaki. Mistari myembamba iliyobanana pia muiache, inacheza kwenye kamera.

Kitenge: kipande kizima ni yadi 6, kinatoa vikwembe vitatu vya yadi 2. Mhusika anayeanguka kwenye matope anahitaji nguo tatu zinazofanana, kwa hiyo nunua kipande kizima siku moja. Ukirudi baada ya wiki mbili, ua lile limekwisha sokoni na hutalipata tena mpaka Kampala.

#10 Lushi_Kamalondo

Mama, eko kweli. Huku udongo ni mwekundu, ile shati ya chai itapotea mu vumbi. Huku njo bluu na kijani zinaonekana. Muntu aandike rangi kiisha kuona ardhi.

#11 Skripti_Ibanda (Bukavu)

Naongezea kwa Mama: viatu. Raba nyeupe Goma zinakuwa za kijivu siku ya kwanza ya kazi. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo Jumatatu unapiga mwisho na Ijumaa unapiga mwanzo. Bahati anaanza filamu na raba chafu, anamaliza na raba za dukani, na mtazamaji anafikiri amepata pesa.

Tengeneza jedwali: kila sini na siku yake ndani ya hadithi (siku ya 1, ya 2, ya 9), na mbele yake nguo, nywele, jeraha, uchafu. Jeraha la siku ya 2 haliwezi kuwa bichi siku ya 9. Kuchakaza nguo fanya mapema: msasa kwenye magoti, viwiko na shingo, fua, rudia. Kuchakaa kwa kweli kunaanza pale mwili unaposugua. Watu wengi wanapaka matope kifuani, mahali ambapo nguo ya mtu wa kazi inachelewa kuisha.

Na majina! Senario yenye Bahati, Baraka, Balume na Bagalwa. Msomaji akifika ukurasa wa 15 amewachanganya, na akta pia. Badilisha herufi ya kwanza na urefu wa jina: Bahati, Nsimire, Zihindula.

#12 Ndosho_Katuni (Goma)

Sisi wa katuni tunawacheka, maana kwetu muundo na mhusika havijawahi kutengana.

Mhusika wa kuchora anaanzia umbo. Duara linaonekana laini, la kuaminika. Mraba unaonekana imara, mkaidi. Pembetatu yenye ncha inatishia. Unachagua moja kuwa msingi, unaweka nyingine kama siri: mtu wa mraba mwenye mikono ya duara ana huruma aliyoificha. Kisha karatasi ya mzunguko: mbele, robo tatu, ubavu, mgongo, urefu ukihesabiwa kwa vichwa. Mtu mzima wa kawaida ni vichwa saba na nusu hivi, mtoto wa katuni vitatu ao vinne. Mickey Mouse alivalishwa glovu nyeupe mwaka 1929, na faida yake unaiona haraka: mkono mweusi mbele ya mwili mweusi unapotea.

Mfano mnaoujua wote: filamu ya katuni ya mtoto Kirikou, 1998. Yeye ni mdogo, uchi, mbio. Mchawi Karaba ni mrefu, wima, amejaa dhahabu. Kijiji kizima kinauliza namna ya kumshinda, mtoto anauliza kwa nini Karaba ni mbaya. Jibu ni mwiba uliochomwa uti wa mgongo wake. Sasa oneni: huo mwiba ni mchoro wa mhusika, ni kidonda chake cha zamani, ni nguvu ya uchawi wake, na ni mlango wa mwisho wa hadithi. Kitu kimoja, kazi nne. Mkikipata kitu kama hicho, dakika ya 40 haitawasumbua.

#13 Birere_Senario

Ndosho, hapo umenipiga. Lakini mwiba unafanya kazi kwa sababu umefichuliwa kwa wakati wake. Ukifichua dakika ya 5 hakuna filamu. Wakati ndio muundo.

#14 Panzi_Sinema (Bukavu)

Birere umekaribia, ila hujafika. Si wakati tu. Ni nani anajua nini, na anajua kabla ya nani.

Mwongozaji wa filamu Hitchcock alieleza kwa bomu chini ya meza. Watu wanaongea, bomu linalipuka ghafla: mshtuko wa sekunde 15. Mtazamaji akionyeshwa bomu kwanza na saa ukutani, maongezi yale yale ya bure yanampa wasiwasi wa dakika 15. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni alichojua mtazamaji.

Rudi kwenye redio ya Bahati. Himbi aliandika mnunuzi anafika, anayefungua ni baba. Huo ni mshtuko. Mimi ningeonyesha kwanza, kabla ya Bahati kurudi, baba akiwa nyumbani anatafuta redio kwa ajili ya habari za saa moja. Sasa kila hatua ya mnunuzi barabarani ina uzito, na unaweza kumpa Bahati maongezi marefu na shangazi njiani, hata salamu zote za @Kadutu_Montaji pamoja na Fanta. Salamu haziui filamu. Zinaua pale ambapo mtazamaji hana siri ya kubeba.

#15 Kadutu_Montaji

Nakubali nusu. Fanta inabaki nusu.

#16 Mwl_Nguba

Kuna jambo tunalipita. Tunapima hadithi kwa rula za wengine. Joseph Campbell mwaka 1949 alihesabu hatua 17 za safari ya shujaa, Christopher Vogler akazipunguza kuwa 12 kwa ajili ya studio za Marekani. Shujaa anatoka, anapambana, anashinda, anarudi na dawa. Basi.

Sasa chukueni utenzi wa shujaa Mwindo wa Banyanga, wa huku kwetu Kivu, aliosimulia Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969. Baba yake Shemwindo hataki mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akitembea, akisema, akishika conga, ule usinga wake. Anafungiwa ndani ya ngoma, anatupwa mtoni, anamfuata baba mpaka chini ya ardhi, anamshinda, wanapatana. Rula ya 12 inasema mwisho. Rureke haishii hapo: Mwindo anaua joka Kirimu, na kwa kosa hilo Nkuba, bwana wa radi, anampandisha angani akae mwaka mzima chini ya mvua, jua na mwezi, ajifunze. Ushindi uko katikati. Nusu ya pili ni adabu.

Na tazameni umbo lake: mdogo, mwenye majivuno, kitu kimoja mkononi. Conga inamtambulisha hata kwenye kivuli cha Mama_Kostimi.

#17 Lushi_Kamalondo

Mwalimu, njo ile! Kumbe dakika 40 yao inakufa juu shujaa anangoja ushindi wa mwisho. Mumupe ushindi mapema, muone kama ataweza kuubeba.

#18 Panzi_Sinema

Mfano wa karibu: *Félicité* ya Alain Gomis, 2017. Mwimbaji wa baa Kinshasa, mtoto wake ameanguka na pikipiki, anazunguka mji kutafuta pesa za upasuaji. Hapo ni injini safi: kiasi kinajulikana, muda unaisha, kila mlango ni sini. Anarudi hospitali na pesa, mguu umeshakatwa. Filamu bado ndefu mbele. Lengo limekufa, na kinachobaki ni mtoto asiyesema, Tabu, mteja wa baa, na friji isiyopona. Walioifuata kwa ajili ya pesa wanachoka. Walioshikwa na yule mama wanabaki.

#19 Himbi_Kadi

Na friji hiyo ni somo. Kitu kinachorudi mara kwa mara, kila mara hali yake imegeuka kidogo, kinashikilia katikati kuliko matukio makubwa. Kwenye kadi nakiwekea alama ya rangi. Kisirudi mara moja tu, hiyo inaonekana kama kusahaulika. Mara tatu ao nne, kila mara na maana nyingine.

#20 Lushi_Kamalondo

Mimi ile nusu ya pili ilinilalisha, siwadanganye. Mutazame *Augure* ya Baloji, mwana wa Lubumbashi, 2023. Bantu bane: Koffi, Paco, Tshala, Mama Mujila. Hakuna barabara moja, na haulale.

#21 Birere_Senario

Yaya, hiyo ina barabara, umeipita bila kuiona. Wote wanne wamebandikwa neno moja, uchawi. Hilo ndilo linalowafunga. Kugawa filamu kwa watu wanne kuna gharama: kila unapomwacha mmoja, mtazamaji anahesabu upya, anampima huyu mpya kama anastahili. Usipomwachia kamba ya kushika (neno, kovu, wimbo, rangi), anaona filamu fupi nne zilizoshonwa. Wanafunzi wengi wanaiga wahusika wanne, kamba wanaiacha.

#22 Kadutu_Montaji

Wakubwa wa Kinshasa na Lubumbashi mmetajwa. Nani atataja wa kwetu?

#23 Chukudu_24 (Goma)

*La Vie est belle*, 1987, anacheza mwanamuziki Papa Wemba. Ila hiyo ni ya Wakinshasa, poleni Bukavu.

#24 Kadutu_Montaji

Chukudu, soma kabla ya kusukuma! Mweze Ngangura aliyeiongoza pamoja na Benoît Lamy alizaliwa Bukavu, 1950. Mwaka 1999 akachukua Étalon de Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO, kwa *Pièces d'identités*. Kinshasa tuliwaazima tu.

Na muundo wa *La Vie est belle* unafundishika. Kourou (ndiye Papa Wemba) anataka vitu viwili: muziki wa umeme, na msichana Kabibi. Mtu mmoja, Nvouandou mwenye klabu, anafunga milango yote miwili: jukwaa ni lake, na Kabibi anamtaka awe mke wa pili. Mwandishi wa leo angeweka maadui wawili, filamu ingepasuka. Kizuizi kimoja kwa matamanio mawili: kila sini inayogusa muziki inagusa mapenzi, hakuna dakika ya kupumzika.

#25 Chukudu_24

Nimepokea kofi. Lakini hoja yangu yenyewe hamjaisikia: watu wanatoka kwa sababu hawasikii. Jenereta iko nyuma ya ukuta, upepo wa ziwa, mvua kwenye mabati. Sikio linavumilia dakika 30, kisha linachoka, na mtu hajui kwa nini amechoka, anasema "hadithi haikunishika." Mikrofoni ya mpini iwe sentimita 50 hivi kutoka kinywani, nje ya fremu, ya kubana nguoni sentimita 15 mpaka 20 chini ya kidevu, isiguse kitenge kigumu. Jenereta ipelekwe mita 50 na zaidi, nyuma ya nyumba nzima, si nyuma ya pazia. Na mkimaliza kupiga kila mahali, watu wote kimya, rekodi sekunde 60 za ukimya wa pale, mtu wa montaji ataziba matundu nazo.

Rekebisheni sauti kwanza, muundo baadaye.

#26 Birere_Senario

Mbona mwanzo na mwisho wa filamu hiyo hiyo hawatoki, na jenereta ni ile ile?

#27 Chukudu_24

Mwanzo sikio halijachoka. Mwisho kuna bunduki.

#28 Skripti_Ibanda

Mnasahau lugha, na kwetu lugha ni nguo ya pili ya mhusika. Baba anaongea Mashi na mama yake, Kiswahili na watoto, Kifaransa ofisini, na mwanajeshi akifika barabarani kila mtu anatafuta Lingala yake. Senario nyingi zinaandika mazungumzo yote kwa Kifaransa, akta anatafsiri mbele ya kamera, na tabia inafia pale. Andika kwenye senario lugha ya kila sentensi. Mnunuzi wa redio aanze na Kiswahili cha sokoni; baba akifungua mlango, mnunuzi ahamie Kifaransa ghafla. Hakuna aliyepiga kelele, lakini mtazamaji wa Bukavu ameshajua kwamba hawa wawili walifahamiana zamani ofisini.

Mtu wa Dakar hatausikia mgeuko huo, anasoma maandishi ya chini tu. Maandishi yenyewe ni mistari miwili, herufi 40 hivi kila mstari, jicho linasoma herufi 15 kwa sekunde. Basi muonyesheni kwa mwili pia: mnunuzi avue kofia.

#29 Panzi_Sinema

Avue kofia. Nunueni hiyo sini.

#30 Himbi_Kadi

Napinga kidogo. Akivua kofia na akibadilisha lugha na mtazamaji tayari anajua baba alikuwa anatafuta redio, ni mambo matatu mlangoni. Moja lirudi nyuma. Kofia aivue sokoni, pale anapoitambua redio, bila Bahati kuelewa. Mlangoni ibaki lugha tu.

#31 Ndosho_Katuni

Na redio iwe na alama. Kishikio kimefungwa waya mwekundu. Bila alama anaitambuaje kati ya redio mia za sokoni?

#32 Lushi_Kamalondo

Waya wa shaba, tafazali. Muache na sisi tuingie mu filme.

#33 Birere_Senario

Waya wa shaba, sawa. Lakini bado hamjaniambia Bahati anauza redio ili apate nini. Karo? Dawa? Tiketi ya boti? Kila jibu linaleta katikati nyingine. Karo ina tarehe ya mwisho, dawa ina mgonjwa anayeonekana, tiketi inamtoa Bahati kwenye hadithi.

#34 Mwl_Nguba

Au hajui bado. Anaiuza kwa sababu baba anaipenda.

#35 Lushi_Kamalondo

Ayayaya. Njo muntu sasa.

#36 Himbi_Kadi

Mwalimu, mtoto asiyejua anachotaka huwezi kumwandikia mstari wa kwanza wa kadi. Utaandika nini?

#37 Mwl_Nguba

"Anataka baba amtafute yeye kama anavyoitafuta redio." Iandike kwa penseli.

#38 Chukudu_24

Mama_Kostimi, swali nje ya mada: shati ya poliesta inashika chai?

#39 Mama_Kostimi

Haishiki, mwanangu. Pamba tu. Poliesta itatoka vile ilivyoingia, na chai yako umeipoteza.